Nani kawaambia kucheka ni dhambi?

Jumapili, saa nne usiku, bwenini.

Leo sina stori ya bumu wala ya foleni ya kafteria. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita na leo nalitema. Ni hili: kwenye ushirika wetu wa wanafunzi tumekataza kicheko kisicho na kosa, halafu kile chenye kosa tumekipa maiki. Biblia tunayoibeba kwapani kila Ijumaa inafanya kinyume kabisa. Wenye hasira kaeni kwanza, someni mpaka mwisho, halafu ndio mje mnishukie.

Kwa msioujua ushirika wetu, mambo ni hivi. Tunakutana Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa mihadhara: sifa, shuhuda, neno, maombi, kila mtu anakimbilia madesa yake. Ni watu wazuri, na wengi wetu tusingevuka mwaka wa kwanza bila wao. Lakini kuna sheria ambazo hazijaandikwa popote na kila mtu anazijua. Dada akicheka kwa sauti anaangaliwa. Kaka mwenye utani hapewi zamu ya kuongoza sifa. Ukichekacheka unaambiwa bado hujakua kiroho. Na aliyekua kiroho unamjua kwa sura: amekunja uso kama mtu aliyepata sapu tatu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwezi uliopita alisimama binti wa mwaka wa kwanza kutoa ushuhuda. Alikosa mkopo, akakata rufaa, na wiki zote hizo alikuwa anabebwa kwenye chumba cha watu, kitanda kimoja wawili, mlo mmoja kwa siku. Mwishoni akakata tamaa, akafungasha begi, akakata tiketi ya basi kurudi kwao. Asubuhi ya safari, begi liko mgongoni, anapigiwa simu kwamba jina lake limetoka. Alipofika hapo kwenye kusimulia, akaanza kucheka. Akajaribu kuendelea, ikashindikana. Akacheka mpaka akaishika meza, machozi yanamtoka, anasema "begi... begi lilikuwa mgongoni..." na hawezi kumaliza. Wa nyuma wakaanza kucheka naye.

Kaka mlezi wa ushirika akainuka, akachukua maiki, akasema madhabahu si jukwaa la vichekesho, kuna roho ya mzaha imeingia, tusimame tuikemee. Ikakemewa. Binti akakaa. Ushuhuda wake haukuisha mpaka leo.

Ijumaa iliyofuata akaja mhubiri mgeni. Katikati ya neno akatoa mfano wa mtu mwenye kigugumizi aliyekwenda kuombewa. Akamwigiza. Akamrefusha, akamkwamisha kwenye kila herufi, macho kayatoa. Ukumbi ukalipuka. Akaona mambo yamekubali, akahamia kwa mama muuza mboga wa kijijini na lafudhi yake ya Kiswahili. Ukumbi ukalipuka tena, na kaka mlezi akiwa mmoja wa waliojifuta machozi. Hakuna roho yoyote iliyokemewa siku hiyo. Safu ya tatu alikaa mwenzetu mmoja ambaye ana kigugumizi tangu utoto. Nilimwona. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Binti yule hajarudi tena ushirikani. Kaka wa kigugumizi anakuja, ila kwenye kikundi chetu kidogo cha maombi ameacha kuomba kwa sauti. Ndio maana siwezi kulichukulia hili kama suala la ladha tu, kwamba wengine wanapenda kucheka na wengine hawapendi. Watu wawili wamepunguzwa, na sisi tunaendelea na mapambio.

Nilimfuata kaka mlezi baada ya ibada. "Kaka, naomba dakika tano." "Karibu mpendwa." Nampa heshima yake, alinisikiliza bila kunikatisha. Akanipa hoja tatu kwa nini kicheko hakina nafasi mbele za Mungu. Si hoja za kitoto, zina umri mkubwa kuliko chuo hiki. Nazijibu moja moja hapa, kwa sababu najua ndizo zinazozunguka mabwenini.

Hoja ya kwanza: Yesu hakucheka.

Hii ni ya zamani kwelikweli. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, aliwahubiria watu wake kwamba Injili zinamwonyesha Yesu akilia lakini hazimwonyeshi popote akicheka. Karne ya 6, Benedikto wa Nursia alipowaandikia watawa kanuni yao, aliweka ngazi 12 za unyenyekevu, na ya kumi ni kutokuwa mwepesi wa kucheka. Kwa hiyo kaka yetu yuko na watu wakubwa.

Lakini tuifuate hoja mpaka mwisho tuone inatufikisha wapi. Injili hazisemi popote kwamba Yesu alipiga chafya. Hazisemi kwamba alikohoa, alijikuna, au aliwahi kuimba akiwa anaranda mbao. Basi tukemee na roho ya chafya? Yohana anaifunga Injili yake (21:25) kwa kutuambia kwamba Yesu alifanya mengine mengi mno ambayo hayakuandikwa. Kimya cha mwandishi hakigeuki kuwa amri.

Halafu tuangalie kilichoandikwa. Huyu ni mtu aliyekwenda harusini Kana, divai ilipoisha akageuza maji ya mabalasi sita, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama lita 500 hadi 700. Mtu wa namna hiyo alikaa harusini amenuna? Wapinzani wake walimsingizia kwamba ni mlafi na mlevi (Luka 7:34). Yohana Mbatizaji walimwambia ana pepo, kwa sababu hakula wala hakunywa na watu. Yesu walimsema kwa kosa la upande wa pili. Walimsingizia mengi, ila hakuna aliyewahi kumshitaki kwa kununa.

Na maneno yake je? Mathayo 23:24, watu wanachuja mbu kisha wanameza ngamia. Hebu mpe sura huyo mzee wa heshima. Ameweka kitambaa juu ya kikombe, anachuja taratibu asije akanajisika na mdudu, halafu ngamia mzima anapita kooni, na nundu yake, na kwato zake nne. Au yule mwenye boriti jichoni anayejitolea kumtoa mwenzake kibanzi, kila akigeuka anabomoa kitu. Tumeyasikia maneno haya kwa sauti ya mazishi tangu Shule ya Jumapili mpaka hatuoni tena kwamba waliokuwepo pale lazima wengine walishika mbavu.

Hoja ya pili: Yesu alisema ole wao wanaocheka sasa.

Ni kweli, Luka 6:25. Ila usisome mstari kama unavyonyofoa ukurasa wa desa kabla ya mtihani. Mstari huohuo unaanza na ole kwa walioshiba. Mbona baada ya ibada tunakwenda wote kupiga wali maharage na hakuna anayekemea roho ya shibe? Mstari wa juu yake, wa 24, ni ole kwa matajiri. Wa chini yake, wa 26, ni ole kwa wanaosifiwa na watu wote. Ni picha ya mtu mmoja: ana mali, ameshiba, anasifiwa, na anacheka wakati mwenzake analia mlangoni. Anayehukumiwa ni huyo.

Na rudi nyuma kidogo, mstari wa 21. Hapo Yesu anawaahidi wanaolia sasa kwamba watacheka. Yaani kicheko ndiyo zawadi yenyewe! Kama kicheko kingekuwa uchafu, angewaahidi watu wake uchafu? Binti yule alilia wiki zote hizo, akafika siku ya kucheka. Zaburi ya 126 inasimulia hivyohivyo kuhusu waliorudishwa Sayuni: walikuwa kama waotao ndoto, vinywa vyao vikajaa kicheko, na mataifa yakaona kwamba Bwana amewatendea makuu. Ushuhuda ulikuwa ndani ya kicheko. Sisi tukasema kaa chini.

Wengine wananiletea Yakobo 4:9, kicheko kigeuzwe kuwa maombolezo. Sawa, soma sura nzima. Yakobo anaongea na watu wanaopigana, wanaooneana wivu, wanaosema vibaya kuhusu ndugu zao. Sura ya 5 anawashukia matajiri waliozuia mishahara ya wavunaji. Watu kama hao wakicheka, ndiyo, waambiwe walie. Msiyachukue maneno aliyoambiwa mnyonyaji mkampa aliyenyonywa.

Hoja ya tatu: Waefeso 5:4.

Hii ndiyo ngumu kuliko zote na siipiti kwa kuruka. Paulo anataja mambo yasiyofaa, na moja kwa Kigiriki ni eutrapelia, ambalo kwenye tafsiri nyingi limekuwa mzaha. Lakini angalia limekaa na nani. Juu yake kuna uasherati na tamaa, kando yake kuna maneno ya aibu. Ni mzaha wa matusi, ule tunaousikia korido la ghorofa ya kwanza saa saba usiku. Neno lenyewe halikuzaliwa baya: kwa Aristotle lilikuwa jina la fadhila ya mtu mcheshi mwenye kiasi. Na Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13 ambaye hakuna anayeweza kumwita mtu wa mchezo, aliirudisha fadhila hiyo ndani ya teolojia ya Kikristo. Akafundisha pia kwamba mtu asiyejua kabisa kufurahi na anayewaharibia wenzake furaha naye ana kosa. Kukunja uso kunaweza kuwa dhambi, wapendwa. Mnaona maajabu hayo?

Na Paulo anamalizia mstari kwa kusema badala yake tushukuru. Sasa niambieni, binti alisimama pale kufanya nini?

Hizo ndizo hoja tatu. Sasa nije upande wangu, maana kubomoa tu bila kujenga ni kazi ya katapila.

Anzeni na Mwanzo 17. Mungu anamwambia Ibrahimu, mzee anayekaribia miaka 100, kwamba Sara mwenye miaka 90 atazaa. Ibrahimu anaanguka kifudifudi na anacheka. Huyu ndiye baba wa imani ambaye Warumi 4 inamtoa kama mfano! Mungu anajibu kwa kumpa jina la mtoto hapohapo: Isaka, ambalo kwa Kiebrania maana yake ni "anacheka". Sura ya 18 anacheka Sara, ndani kwa ndani, nyuma ya mlango wa hema. Anaulizwa, anaogopa, anakana. Anaambiwa hapana, umecheka. Basi. Hakupigwa upofu, hakuondolewa kwenye ahadi, wala hakuna aliyeitisha maombi ya kukemea. Sura ya 21 mtoto anazaliwa na Sara anacheka tena, safari hii waziwazi, akisema Mungu ndiye aliyempa kicheko na kila atakayesikia atacheka pamoja naye.

Mnaiona safari hiyo? Kicheko cha kutoamini kimegeuka kuwa kicheko cha kupokea, na Mungu hakukifuta cha kwanza, alikitumia. Kila tukisimama kuomba kwa Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, tunalitaja jina lenye kicheko ndani yake, tena tukiwa tumenuna.

Kucheka namna ya Sara ndiko mwili unakofanya pale Mungu anapozidi hesabu yako. Ulikuwa umeshapiga mahesabu, umefungasha begi, jibu limekuja kubwa kuliko swali. Maneno yanakwisha. Kinachobaki ni kucheka au kulia, na mara nyingi vyote viwili. Mtu ambaye hajawahi kucheka hivyo mbele za Mungu, namuuliza kwa upole: je, Mungu wako amewahi kukushangaza?

Huko Bavaria, Ujerumani, zama za kati wahubiri walikuwa na desturi siku ya Pasaka ya kusimulia visa vya kuchekesha mimbarani ili waumini wacheke, kwa sababu kifo kimepigwa chenga. Mwaka 1518 mwanamatengenezo Johannes Oecolampadius aliandika waraka kuipinga, na alikuwa na sababu, maana visa vingine vilikuwa vichafu kweli. Lakini wazo la chini lilikuwa sahihi. Kama kaburi liko wazi, basi mtu mwenye haki ya kucheka kuliko wote duniani ni Mkristo.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kila kicheko ni Roho Mtakatifu. Mwaka 1994 kwenye kanisa moja la Toronto, Kanada, watu walianza kuanguka na kucheka ibadani kwa muda mrefu, jambo likasambaa nchi nyingi na Wakristo wakagawanyika juu yake. Siingii kwenye ubishi huo. Ninachosema ni kwamba sauti ya kicheko peke yake haikuambii kitu, wala cha upako wala cha mapepo.

Na Watanzania tungepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka, walilia, walihangaika, wengine kwa saa, wengine kwa siku. Wasichana waliporudishwa nyumbani hali ikazuka na huko vijijini. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala vijidudu. Hakuna aliyekufa. Watafiti waliolirudia jambo hilo baadaye wamelieleza kama mwili kulemewa na msongo: watoto mbali na nyumbani, masharti makali, matarajio makubwa. Nyie mnaokaribia mitihani mnaelewa nasema nini. Mtu akicheka ovyo mbele yako, huenda amebeba mzigo usioweza kuuona. Kabla hujakemea, muulize amekula?

Kwa hiyo tupime kwa nini? Kama sauti haitoshi, tutajuaje kicheko halali na cha haramu?

Mimi naona wazee wetu walishatupa kipimo, kinaitwa utani. Wengi tumekulia ndani yake. Mchaga na Mpare wakikutana hapa bwenini ni kelele mpaka usiku. Wanyamwezi waliokwenda pwani na misafara walijenga utani na watu wa huko njiani, na ulikuwa mkataba kamili. Mtani anakutukana, anachukua kuku wako, anakudai vitu, na huruhusiwi kukasirika. Lakini siku ya msiba, mtani ndiye anayekuja kushika kazi ambazo ndugu hawana nguvu nazo. Anasaidia kuosha maiti, anachimba kaburi. Na hapohapo msibani anaiga mwendo wa marehemu, anawadai wafiwa hela, mpaka mjane aliyekuwa hajala siku mbili anatabasamu.

Haki ya kunicheka imenunuliwa na wajibu wa kunizika. Hicho ndicho kipimo. Sisi wa chuoni tuna neno letu, kubebana. Mtu aliyekubeba kwenye kitanda chake muhula mzima akikucheka kwa kukoroma kwako, unacheka naye. Mtu ambaye hakukubeba hata siku moja akishika maiki na kukucheka mbele ya watu 200, huyo amekuibia.

Sasa mchukueni yule mhubiri mgeni, mumpime. Je, yule mwenye kigugumizi alikuwa mtani wake? Angemzika? Alijua hata kwamba yupo safu ya tatu? Mithali 17:5 inasema anayemdhihaki maskini anamtukana Muumba wake. Biblia haina utani hata kidogo na kicheko cha aina hiyo. Na ukitaka kukisikia chenyewe, nenda Mathayo 27. Askari wanamvika vazi, wanamsukia taji la miiba, wanapiga magoti kwa kejeli. Kicheko kilikuwepo msalabani, wapendwa, na Yesu alikuwa upande wa kuchekwa. Ukimwigiza mnyonge ili ukumbi ucheke, angalia umesimama kundi gani kwenye picha hiyo.

Kuna na pale kwa Yairo, Marko 5:40. Yesu anasema mtoto amelala, watu wanamcheka. Anawatoa nje. Kumbe Yesu aliwahi kweli kuwatoa watu kwa sababu ya kicheko! Lakini aliwatoa waliocheka kwa dharau, waliofunga mlango wa matumaini. Sisi tumemtoa aliyecheka kwa sababu mlango ulifunguka.

Najua kuna mjanja ataniletea Eliya. Kweli, 1 Wafalme 18:27, Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali, akawaambia wapaze sauti, huenda mungu wao kalala. Lakini hesabu vichwa. Eliya alikuwa mmoja, wao 450, na nyuma yao ikulu ya Ahabu. Alicheka kuelekea juu, akiwa na shingo yake rehani. Hata Mungu katika Zaburi ya 2 anacheka, na anaocheka ni wafalme wanaopanga njama. Kuwacheka wenye nguvu kumewagharimu watu. Kumcheka muuza mboga kunagharimu nini? Hakuna, na ndiyo maana ni rahisi hivyo.

Swali lingine nililoulizwa: kwa hiyo ibada ziwe vichekesho? Hapana. Mhubiri 3:4 ina wakati wa kulia na wakati wa kucheka, na mtu wa kuchekesha kwenye kila kitu amekosea saa kama yule wa kununa kwenye kila kitu. Mtu akiwa anatubu mbele, nyamaza. Mtu akiwa amefiwa, kaa naye kwanza. Lakini tulio wengi tunamfahamu Masanja Mkandamizaji, aliyetuvunja mbavu na Ze Comedy na Orijino Komedi kisha akaja kuwa mchungaji. Kama mtu anaweza kutoka jukwaa la vichekesho akaenda mimbarani, mkono wa Mungu unapita kote kuwili, na ukuta tuliojenga katikati ni wa kwetu wenyewe.

Nafikiri tunachoogopa hasa ni kupoteza heshima. Mtu akicheka kwa kweli hana namna ya kujilinda: sura inaharibika, sauti inatoka, cheo kinadondoka. Kiongozi aliyezoea kuogopwa hawezi kulivumilia hilo. Lakini mtu asiyeweza kujicheka ameanza kujiabudu kidogokidogo, hata kama anafunga siku 40. Matendo 20:9, Paulo alihubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, wakamwinua amekufa. Paulo akashuka, kijana akarudi hai, wakamega mkate, na mahubiri yakaendelea mpaka alfajiri! Luka angeweza kukificha kisa hicho kulinda jina la mtume. Akakiandika. Viongozi wetu wangekiandika?

Basi nina mapendekezo matatu kwa kamati ya ushirika, na nitayapeleka kwa maandishi kwenye kikao.

Moja, yule binti aitwe amalizie ushuhuda wake, na aliyemkatisha ndiye amkabidhi maiki. Akicheka tena, tucheke naye, kama Sara alivyosema.

Mbili, mhubiri yeyote, mwenyeji au mgeni, aambiwe kabla ya kupanda kwamba hapa hatuigizi ulemavu, kabila wala umaskini wa mtu. Akianza, kiongozi ainuke. Tumeona kwamba kuinuka anajua.

Tatu, kaka wa safu ya tatu aombwe radhi, kimyakimya kama mwenyewe atapenda, si kwa kumsimamisha mbele na kumwongezea aibu.

Mkiyakataa, nitaendelea kuja, maana huu ushirika ni wangu pia. Ila Ijumaa mtakapoanza kukemea roho ya mzaha, mimi sitasimama. Nitakaa kwenye kiti changu, na kama kuna mtu pembeni yangu anajizuia kucheka kwa sababu Mungu amemtendea jambo, nitamwambia cheka mpendwa, lipo kwenye Kitabu.

Naomba kuwasilisha. Wenye mtihani kesho asubuhi, lala sasa, hilo desa halitaongezeka. Usiku mwema.